Vitabu Visivyo na Magamba

Mwalimu Eucabeth Nyasuguta alikuwa mtu wa Sabato tangu kuzaliwa, na maishani mwake hajapata kuonja mumi wala kamongo, samaki ambao kanisa lake linawakataza kwa kukosa magamba. Ni vizuri jambo hili lijulikane mapema, kwa sababu wako watu wa Homa Bay ambao mpaka leo wanasema alivutana na Mzee Javan Nyamweya kwa kuwa imani yake ilikuwa imelegea. Haikuwa imelegea. Alitaka kitabu kimoja tu kinachoeleza habari za kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, na alikitaka kwa ajili ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo aliitwa Terry. Alikuwa darasa la tano kwa mwaka wa pili na kusoma kulikuwa kumemshinda. Ukimpa kitabu cha darasani alikitazama kwa adabu, vile mtu anavyoitazama foleni ya hospitali, akingoja imalizike. Lakini ule ulikuwa mwaka ambao magugu maji yaliifunga ghuba, mashua zikakaa bila kazi, na watoto wakabaki kuchezea matope ya ufuoni. Siku moja Terry aliwaona wanaume wakimchimbua kamongo kutoka kwenye udongo mkavu, mzima kabisa, kana kwamba wamemwamsha usingizini. Kesho yake aliinua mkono darasani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akauliza samaki anapumuaje ndani ya udongo. Mwalimu Eucabeth alisema atamtafutia jibu. Hakulijua, na vitabu vya darasa la tano havikuwa na habari hiyo.

Terry alilelewa na babu yake, ambaye ndiye huyo Mzee Javan. Mzee alikuwa na duka karibu na soko, akiuza mahindi, maharagwe na mafuta ya taa, na katika kanisa hilohilo la Sabato alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba mtoto asipovuka kwenda darasa la sita, Januari ataketi dukani. Alisema duka halihitaji mtu wa kusoma, linahitaji mtu wa kuangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kutumaini, na mtu akichoka kutumaini hupenda kupanga mambo mapema.

Basi ofisi ya elimu ikaleta sanduku la vitabu. Havikuwa vya hadithi wala vya mtihani, vilikuwa vitabu vya maarifa kutoka ng'ambo, kwa Kiingereza chepesi chenye picha: wanyama, nyota, mashine, mito, mwili wa mtu. Sharti lilikuwa kamati ya shule ikae na kuchagua. Vitakavyokubaliwa viingie kabati la maktaba, vitakavyokataliwa virudi ofisini mwisho wa mwaka vipewe shule nyingine. Mwalimu Eucabeth alipolifungua sanduku, kitabu cha juu kabisa kilikuwa na picha ya kamongo amejikunja ndani ya udongo. Moyo wake ulipiga kwa furaha, naye akakiweka kando asije mtu akakikalia.

Kamati ilikutana ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Nicodemus, mtu mpole ambaye kwa kawaida alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Wazazi waliwakilishwa na Dolphine, ambaye wote walimwita Mama Jeff, Mkatoliki aliyeuza samaki sokoni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Javan. Alichaguliwa kwa kuwa ndiye mtu pekee ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga, na sifa hiyo katika kamati ya shule inatosha.

Mzee Javan alikuwa na njia yake ya kuchagua vitabu. Alishika kila kimoja, akakileta karibu na macho yake ambayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akauliza swali moja tu: mnyama wa humu analiwa au haliwi? Nyoka akawekwa kando. Nguruwe akawekwa kando, na mkono ukapanguswa. Kitabu cha majangwa kilikuwa kinaelekea kupita salama mpaka ngamia alipotokea katikati. Cha ng'ombe wa maziwa kilipita bila mjadala, na cha ujenzi wa madaraja pia. Cha mwili wa binadamu kilileta shida, maana mwenyekiti alitafakari sana kwamba binadamu hana kwato na wala hacheui. Bwana Nicodemus aliuliza taratibu kama kuna mtu aliyependekeza binadamu aliwe. Kikapita, lakini kwa masharti.

Ndipo mwenyekiti akanyoosha mkono kukitaka kile kilichofichwa kando.

"Hii iko na samaki gani kwa kava?" akauliza.

Mwalimu Eucabeth akasema ni kamongo. Hakuona haja ya kuzungukazunguka.

"Kamongo hana magamba, Mwalimu. Wewe wajua."

"Najua, Mzee. Tumekatazwa kumla. Kumsoma hatukukatazwa."

Mzee Javan alijibu kwamba mtoto akisoma habari za kitu kila siku, mwisho wake atakitamani. Mama Jeff, ambaye tangu magugu yafunge ghuba hakuwa na ngege, samaki wa magamba, wa kuuza bali mumi na kamongo peke yao, alisema huyo kamongo ndiye aliyemsomeshea watoto, kwa hiyo aheshimiwe kidogo. Mwenyekiti akasema anamheshimu sana, ila kwa mbali. Bwana Nicodemus alikubaliana naye kwa sababu ndiye aliyesema mwisho.

Hapo Mwalimu Eucabeth alikasirika. Ukimwona huwezi kujua, kwa maana akikasirika huwa mtulivu na mwenye kufuata kanuni. Alisema kwamba ofisi inataka kila kitabu kinachokataliwa kitolewe sababu, na sababu itoke ndani ya kitabu chenyewe. Kuangalia picha ya juu hakutoshi. Mwenyekiti lazima ahakikishe kimesomwa chote, mwanzo hadi mwisho, na kamati isikie kina ubaya gani. Alisema hivyo ili kumsumbua tu. Alijua macho ya mzee hayafai kwa kazi hiyo, akatumaini atachoka na kuliacha sanduku. Hakuwa na mpango mwingine wowote, ingawa baadaye watu walimsifu kwa akili nyingi na yeye hakuwakatalia.

Mzee Javan hakuwa mtu wa kuacha kazi. Alivipakia vitabu vyote vilivyokataliwa kwenye mkokoteni, akaenda navyo dukani kwake, akaviweka chini ya kaunta. Kila Ijumaa kabla jua halijatua alivifunika kwa gunia, ili navyo vipumzike.

Zilipita wiki kadhaa ndipo Mwalimu Eucabeth alipoanza kuona mambo. Terry alikuja kwake wakati wa mapumziko na maneno yameandikwa mkononi kwa kalamu ya wino, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Hakusema yametoka wapi. Alitaka tu kujua yanatamkwaje na maana yake nini. Neno la kwanza lilikuwa la sumu, la pili la kujivua ngozi. Mwalimu akaelewa mara moja kwamba mtoto yuko katikati ya kitabu cha nyoka. Alimweleza yote, akamwambia anawe mikono kabla ya hesabu.

Jioni hiyo alikwenda dukani kununua mafuta ya taa ambayo hakuyahitaji. Alimkuta Terry ameketi juu ya gunia la maharagwe akisoma kwa sauti, kwa kusuasua, akifasiri sentensi moja moja, na babu yake amefumba macho, kidevu juu ya fimbo. Macho ya mzee yalikuwa yameshindwa na kazi, ndipo akampa mjukuu asome, lakini hakumwamini hata kidogo. Mwanzoni Terry alikuwa akiangalia picha na kutunga maneno yake, naye mzee alimkamata siku alipoeleza habari ndefu kutoka kwenye ukurasa uliokuwa na mstari mmoja. Tangu hapo alimpima sentensi kwa sentensi. Akisita, alirudishwa mwanzo. Wateja walijifunza kungoja mpaka aya iishe ndipo waulize bei.

Nyoka alimalizika na sababu ikapatikana. Ngamia naye vivyo hivyo. Kamongo alifikiwa muhula wa mwisho, karibu na mitihani, na mambo yaliharibika siku hiyo hiyo.

Alasiri, kabla kengele ya kutoka haijapigwa, Mzee Javan alifika shuleni kwa miguu, fimbo mkono mmoja na Terry mkono wa pili. Mtoto alikuwa amelia. Kitabu alikuwa amekikumbatia kifuani. Mzee alimwambia Mwalimu Eucabeth kwamba wakati wa mapumziko ya mchana mtoto alikuwa akisoma vizuri habari ya kulala udongoni na kupumua kwa mapafu, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kupendezwa, ndipo mtoto akasema kitabu kinasema kamongo ana magamba. Madogo, laini, yaliyozama chini ya ngozi.

"Ametunga," mzee akasema. "Amerudia tabia yake. Mimi nimejua huyu samaki miaka yote. Hajui kusoma, Mwalimu, na mimi nimejidanganya. Basi. Januari aketi dukani."

"Sikutunga, Sokoro," Terry akasema. Sokoro maana yake ni babu, kwa Kikisii.

Mwalimu Eucabeth alinyoosha mkono akichukue kitabu asome mwenyewe. Mzee alimzuia. Alisema yeye Mwalimu anataka kitabu kiingie shuleni, kwa hiyo hawezi kuwa shahidi. Bwana Nicodemus anamla kamongo na ugali, kwa hiyo naye hafai. Mama Jeff anamuuza. Aliwapitia wote mmoja mmoja, akafikia uamuzi kwamba katika jambo hili shahidi asiye na upande ni mmoja tu, naye ni kamongo mwenyewe.

"Twende sokoni," akasema. "Mwalimu, uje, lakini usiseme kitu."

Soko la samaki la Homa Bay halinyamazi kwa urahisi. Siku ile lilinyamaza. Mzee wa kanisa, mwenye koti na tai, alipita katikati ya meza za mumi bila kugeuza shingo, akasimama mbele ya Mama Jeff, akaomba kamongo. Mama Jeff alimuuliza kama amesikia vizuri. Mzee akasema si wa kula, ni wa kumuuliza jambo. Mama Jeff alikuwa ameuza samaki kwa watu wa kila namna, akaona bora asiulize zaidi. Alimtandaza kamongo mezani, mweusi, mnene, mwenye utelezi.

Terry alisimama kando na kitabu chake. Hakuna mtu sokoni pale aliyejua kwamba mwaka wake mzima, na labda miaka yake yote iliyobaki, ilikuwa imelala juu ya meza ile pamoja na samaki. Mwalimu Eucabeth alijua, na aliogopa. Vitabu pia hukosea, na vya ng'ambo vinaweza kuwa vinazungumzia kamongo wa kwao. Alijikuta akimwomba Mungu ampe magamba samaki ambaye tangu utotoni alifundishwa kwamba hana. Aliona ni ombi la ajabu, akaliomba hata hivyo.

Mzee Javan alikunja mkono wa koti. Kwa mara ya kwanza katika umri wake alimgusa kamongo. Macho yake hayakuweza kumsaidia, kwa hiyo alitumia kidole, akakipitisha toka kichwani kwenda mkiani, na hapakuwa na kitu ila utelezi. Akatikisa kichwa. Mwalimu Eucabeth akaangalia chini.

"Kitabu inasema chini ya ngozi, Sokoro," Terry akasema kwa sauti ndogo. "Si juu."

Mzee aliomba kisu. Alikwangua kwa mgongo wa kisu, polepole, mahali pamoja, mpaka ngozi nyembamba ikajikunja. Akakibonyeza kidole pale, akakileta kwenye kidole gumba, akavisugua pamoja. Alifanya hivyo kwa muda mrefu mno. Kisha akamnyooshea Mama Jeff vidole vyake viwili, amwambie kuna nini, na papo hapo akakumbuka kwamba alikuwa amemkataa kuwa shahidi. Akamnyooshea Terry.

"Ni gamba," Terry akasema. "Kidogo sana."

"Ni gamba," mzee akasema.

Mama Jeff, ambaye alikuwa amewakata kamongo tangu usichana wake, aliinama akatazama, akasema kwamba yeye siku zote alidhani ni mchanga.

Mzee Javan alipangusa vidole kwa leso, polepole, kimoja kimoja. "Soma tena," akamwambia mjukuu wake. Terry akafungua kitabu na kusoma, kwa Kiingereza kwanza halafu kwa Kiswahili, bila kusita, na soko zima likimsikiliza. Mzee hakufumba macho safari hii. Alimtazama mtoto, na yale macho yenye ukungu yakajaa maji.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto anasoma."

Mwalimu Eucabeth alikuwa ameambiwa asiseme kitu. Alilia waziwazi mbele ya wauza samaki wote, na hakusingizia moshi.

Mama Jeff aliuliza kama sasa amfungie mzee huyo kamongo kwenye gazeti, maana mambo yamebadilika. Mzee Javan alimshukuru, akasema kumla hatamla, amezoea hivyo na tumbo lake pia limezoea. Lakini kitabu kiingie kabatini kesho asubuhi. Na vile vingine vyote vilivyo chini ya kaunta havitarudi ofisini mpaka vichunguzwe upya, kwa kuwa imeonekana wazi kwamba mtu anaweza kumhukumu mwenzake miaka mingi bila kumkwangua.

Akamshika Terry mkono wakaanza kuondoka. Walipofika kwenye meza ya mwisho alisimama.

"Januari utaketi darasa la sita," akamwambia. "Jioni utakuja dukani, tuanze na nguruwe. Naye asikilizwe."