Unyevu Chini ya Nyasi

Kofi la kwanza lilimkuta mjane ameinama anachuma bamia. Alianguka kifudifudi juu ya nyasi kavu alizozitandaza kwa mikono yake, na kisu cha kuchumia kikaruka huko asikione tena.

"Mwizi wa maji we!" shemeji yake alifoka. "Leo utanionyesha bomba umelificha wapi!"

Tuseme ukweli, shemeji huyu nguvu alipewa, subira akanyimwa. Shamba lake na la marehemu kaka yake yalitenganishwa na tuta tu. Yeye alizipanda bamia zikabanana, akiamini miche mingi ndiyo mavuno mengi, akazimwagia maji jua likiwa utosini, udongo uko uchi. Zikarefuka nyembamba kama njiti, zikinyang'anyana kila tone. Mjane aliacha dhiraa moja kati ya mche na mche. Zamu yake ya maji ikifika, alimwagilia alfajiri, taratibu, shinani, kisha akafunika udongo kwa nyasi. Majirani walimcheka kwamba analaza bamia na kuzifunika shuka. Wacheke. Mama mkwe alishatamka: shamba litakuwa lake maadamu lina mazao, likikauka, afungashe virago.

Sasa asubuhi hiyo shemeji alikuwa amepenyeza mkono chini ya nyasi zile. Zamu ya maji ilikuwa imepita siku nyingi kwa wote wawili. Kwake ardhi imepasuka. Huku vidole vilitoka na tope. Damu ikamchemka.

"Hakuna bomba, shemeji! Ni hizo nyasi!"

"Nyasi zinanyesha?"

Akainua jembe. Mjane aliudaka mpini, akapigwa teke la mbavu, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Shemeji alimkamata kifundo cha mkono akakisokota, kikalia kah! Mama wa watu alipiga ukelele wa kutoka tumboni.

Ndipo mwanamume akaanza kuchimba. Nyasi zilirushwa, miche yenye matunda ikafuata, mizizi juu. Alichimba mstari baada ya mstari, akitukana, mate yakimtoka. Mjane alimrushia mabonge ya udongo kwa mkono mzima, akilia kwa uchungu na chuki, lakini ni nani angemzuia? Bomba halikuonekana. Ulipobaki mstari wa mwisho, shemeji alikuwa hatazami tena anapopiga. Hasira hasara: jembe lilishuka juu ya mguu wake mwenyewe.

Alianguka akibweka. Damu ilimwagika, udongo ukainywa.

"Bomba umeliona?" mjane aliuliza.

Shemeji alitazama shimo baada ya shimo, na kila shimo lilikuwa na udongo tu.

"Shemeji, nifunge mguu. Nitakufa!"

Mjane alivua kitambaa cha kichwa, akamrushia usoni. "Jifunge. Kaza."

Kisha akapiga magoti kwenye mstari uliobaki. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, na mizizi mingine ilikuwa wazi. Akakokota nyasi kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia, akaufunika mche wa kwanza.

"Nisaidie kwanza mimi!" shemeji alilia.

"Wewe una mdomo wa kuita watu," alisema bila kugeuka. "Hizi hazina."

Akasogea dhiraa moja, kwenye mche uliofuata.