Weusi wa Kalibu

Haya, mwanamke aliyelelewa Tanga umwachie kitu chenye masizi, unategemea afanye nini? Mama yake Zuleikha alikuwa haitiki salamu mpaka sufuria igeuzwe aone tako lake. Basi Zuleikha, msafishaji wa jumba moja la maonyesho kule Lusail, nchi za Waarabu, alipokuta trei ya vigae vyeusi kando ya ngoma ya shaba inayong'aa, aliona haya kwa niaba ya wenyewe. Wageni waje waone uchafu huu? Akavisugua kwa waya mpaka vikatakata.

Asubuhi Velma, msimamizi wake, Mkenya, akamvuta pembeni.

"Zule, umetoa ile nyeusi? Si hiyo ndiyo Daktari Lan ameleta watu waone?"

Akamweleza alivyosikia: vigae vile ni vipande vya kalibu ya udongo, imechimbwa Vietnam na huyo daktari, mtaalamu wa mambo ya kale. Wahunzi wa kale walimimina shaba ya moto ndani yake, ikipoa wanavunja udongo wanatoa ngoma. Ule weusi ndio ushahidi kwamba shaba ilipita humo.

"Mbona ngoma imeng'arishwa, dada? Uchafu wa shaba haramu, wa udongo halali?"

Velma akapunguza sauti. "Wewe nyamaza tu. Ukikubali kosa, utafutwa kazi."

Kazi hii ndiyo iliyomtoa Zuleikha kwenye kazi za ndani mtaa wa Al Thumama, alikokuwa akiomba ruhusa hata kupiga simu. Akanyamaza.

Daktari Lan akaja, akashika kigae kimoja, cha pili, akabadilika rangi. "Hivi si vyangu. Vimebadilishwa. Nani alikuwa mlangoni?"

Mlangoni alikuwa Athanas, mlinzi kutoka Bukoba, mtu asiyeokota hata kalamu ya mwenzake. Wote wakamgeukia. Jamani, kusugua tu kumezaa wizi! Zuleikha akashindwa kuvumilia.

"Ni vyenyewe," akasema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Niliviosha mimi."

Daktari akaweka kigae chini ya lenzi. Akaona michubuko ya waya, na ndani ya mifereji weusi kidogo uliosalia. Akamkumbatia Zuleikha, akalia, akamshukuru kwa kusema kweli. Kisha akamgeukia Velma: huyu mama asiingie tena humu ndani.

Zuleikha akasema ahsante, akavua kitambulisho, akampa Velma.