Mlima Ulioandikwa Mtupu

Masika ya mwaka 1948 yalipokatika, wapimaji wawili walifika Changamwe na minyororo yao ya kupimia ardhi, wakapigilia vigingi kwenye mteremko ulio juu ya reli. Kigingi kimoja kilitua katikati ya muhogo wa Nyevu, mjane aliyeishi pale tangu aolewe na marehemu Charo. Aliwauliza wanapima nini. Wakamwambia hilo akamwulize karani.

Karani wa eneo lile alikuwa Kefa, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkalimani wa Wazungu. Alieleza kwamba serikali imekusudia kujenga nyumba za mawe za makuli wa gatini, na kwamba Jumamosi afisa atakuja skuli ya kanisa kuwasikiliza wenyeji. Kaya ishirini na tatu zilikuwa zikikaa kwenye mteremko ule. Habari ilizunguka zote kabla ya adhuhuri.

Jioni ile watu walikusanyika nyumbani kwa Kahindi, mzee wa kanisa, na hawakusikilizana. Wengi walisema hawahami. Lakini Mutua, Mkamba aliyepanga chumba kwa huyo huyo Kahindi, alisema waziwazi kwamba yeye anazitaka nyumba hizo. Alikuwa amepigana Burma katika keya, jeshi la Mwingereza, akarudi, na sasa alibeba magunia Kilindini na kulala chumba kimoja na mkewe Mwikali, watoto watatu na shemeji zake wawili. Jina lake lilikuwa la tisa katika orodha ya Kefa ya waliozitaka nyumba.

"Mama, mvua ikinyesha tunalala tumekaa," alimwambia Nyevu. "Nikipewa nyumba ya mawe niikatae?"

"Nyumba nakutakia, mwanangu," Nyevu alimjibu. "Ila kwa nini ijengwe juu ya kaburi la mume wangu, na huko bondeni kuna uwanja mzima hauna mtu?"

Mutua hakubadili shauri. Waliagana kwa ubaridi.

Jumamosi afisa alikuja, Mzungu kijana mwenye uso mwekundu, akatandaza ramani juu ya meza ya mwalimu. Alisema, na Kefa akatafsiri, kwamba mteremko ule ni ardhi tupu ya serikali, na walioingia humo wana hadi Krismasi kuondoka. Nyevu aliomba kuiona ramani. Hakujua kusoma, lakini reli aliitambua, na kanisa akalitambua kwa msalaba wake. Juu ya reli, pale alipozalia watoto wanne, karatasi ilikuwa nyeupe.

Alisema polepole ili Kefa asipitwe na neno.

"Mwambie nyumba yangu haimo humu. Chemchemi tunayokunywa haimo. Makaburi kumi na manne hayamo. Aliyeandika mlima huu mtupu, ama hakuupanda, ama aliupanda akatuona si watu. Mimi sitoki."

Kefa alimgeukia afisa na kusema maneno machache ya Kiingereza. Afisa alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Kefa akawaambia watu kwamba bwana amesikia na amekubali. Wanawake waliokuwa nyuma walianza kupiga makofi.

Mutua alikuwa amekaa karibu na dirisha. Kiingereza alijifunza vitani, cha kuamrishwa na kutukanwa, lakini kilimtosha. Aliinamisha kichwa. Mwikali, aliyemjua mumewe, alimtazama. Makofi yakaendelea. Mwishowe Mutua alisimama.

"Hayo siyo aliyosema mama," alisema. "Kefa amemwambia Mzungu kwamba mama anaomba muda wa kuvuna muhogo wake. Hilo ndilo Mzungu alilokubali."

Kisha akamgeukia afisa na kumwambia yote kwa Kiingereza chake cha kambini, tangu nyumba isiyomo mpaka "sitoki". Tabasamu la yule afisa likatoweka.

Skuli ilijaa makelele. Kefa, jasho likimtoka, alijitetea kwamba maneno kama yale yangewafikisha wote kituo cha polisi, na kwamba alitaka kumkinga mama.

"Hukunikinga mimi," Nyevu alimwambia. "Umenitoa kwangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Watu walizuia mlango, wakasema afisa haondoki mpaka aupande mlima. Akaupanda. Walimwonyesha kila nyumba na kila kaburi, na mabinti waliokuwa wakiteka maji chemchemini wakasogea kumpisha. Aliandika katika daftari lake, wala hakuomba radhi.

Mwezi wa Agosti vigingi vilihamishiwa bondeni. Nyumba zilijengwa huko, lakini barabara ya kuziendea ilikatwa kwenye mteremko, ikala muhogo wote wa Nyevu na kubomoa nyumba tatu za jirani zake. Jina la Mutua lilifutwa katika orodha. Nyevu alikwenda mwenyewe kumwuliza Kefa sababu. Kefa, bila kuinua macho, alisema ni amri kutoka juu. Nyevu akarudi, akampimia Mutua kiwanja kando ya nyumba yake, na wanawake wa kanisa wakamsukia Mwikali makuti.

Baadaye ililetwa karatasi ya kutiwa vidole. Mutua aliwasomea. Ilisema kwamba wenyeji wameitoa njia ya barabara kwa hiari yao, na serikali inawashukuru.

"Hiari ya nani?" Nyevu aliuliza.

Aliificha mikono ndani ya leso. Kahindi naye alikataa, na kaya nyingine tisa. Waliobaki waliogopa wakatia vidole, na hakuna aliyewalaumu. Lakini kila lori la mawe lilipopita, Nyevu alitoka mlangoni akasimama, akalitazama mpaka likashuka bondeni.