Kipande cha Shangazi Kabula

Ukitaka habari ikufikie ikiwa bado ya moto, ulipita kwa Tereza, mtaa wa Nsemulwa pale Mpanda, jioni yoyote ile. Nyumba hiyo haikujua kukaa na watu watano tu. Siku Agape alipofika likizo kutoka Dar, sebule ilijaa, kibaraza kikajaa, wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa uani, na sufuria ya wali wa Mpimbwe ikawa inapitishwa juu ya vichwa vya watu.

Tereza alikuwa hakanyagi chini. Binti huyu alimzaa na Lyamba, Msukuma aliyeingia Katavi nyuma ya ng'ombe wake akaishia kumwoa yeye, Mpimbwe wa hukohuko, na sasa binti alikuwa mtafiti kwenye maabara ya saratani. Wiki chache nyuma Agape alimwambia kwenye simu kwamba wameanza kuweza kuzitambua, ndani ya uvimbe, zile seli za kinga zinazopigana na kansa kwelikweli. Tereza akaibeba habari hadi sokoni Kashaulili. Ilitoka nyumbani ikiwa nzima, ila kila meza ya nyanya aliposimama aliitia chumvi kidogo, na ilipofika Inyonga ilikuwa haijifahamu tena: binti wa Tereza kagundua dawa ya kansa, anakuja nayo.

Na Inyonga ndiko alikokuwa anaishi Kabula, dada yake Lyamba. Kabula alikuwa na uvimbe kwenye titi. Ameshapimwa, ameshapangiwa upasuaji hospitali ya rufaa Mwanza, na basi lilikuwa la kesho alfajiri. Lakini tangu mchana alikuwa kwenye kochi la Tereza, mikono kaikunja kifuani, anamwambia kila anayeingia kwamba yeye hakatwi. Mtoto wa kaka yake kaleta dawa, akatwe ya nini?

Agape aliyasikia hayo hajamaliza hata kunawa. Alimtazama mama yake mara moja tu. Tereza akajifanya anatafuta mwiko.

Watu waliposhiba wakataka maelezo. Agape akaanza na protini na mfumo wa kinga, nao wakatikisa vichwa kwa heshima, ile heshima ya mtu anayesikiliza misa ya Kilatini. Akaona anawapoteza. Akamgeukia Method, mdogo wake Lyamba, mdomo mkubwa wa ukoo.

"Baba mdogo, masika yale ng'ombe wa baba walipoibwa, mwano ulipopigwa, lile yowe la kuitana, walikimbilia porini watu wangapi?"

Method alijibu kwamba mtaa mzima ulitoka, sungusungu na wasio sungusungu, na yeye mwenyewe alikuwa mbele.

"Na waliomkamata mwizi?"

Kicheko kilianzia uani kikaingia ndani. Hakuna aliyekuwa hajui. Method alifika jua limeshapanda, viatu vinang'aa, na kufika mchana ndiye aliyekuwa anaisimulia vita kuliko wote. Waliomkamata mwizi walikuwa wamekaa pembeni, wamechanwa na miiba, matope hadi magotini, hata kikombe cha uji hawawezi kukiinua.

"Kazi yangu ndiyo hiyo," Agape akasema. "Kumjua nani alipigana na nani alikuja kuangalia."

Akawaeleza kwamba ndani ya uvimbe askari wa mwili huwa wengi, ila wengi wao wamesikia kelele tu wakaja. Wanaomjua adui kwa sura ni wachache. Hao wachache huota juu ya ngozi yao alama ambazo wenzao hawana, na baadhi ya alama hizo ni za uchovu wenyewe, za kupigana muda mrefu. Maabara wanazipachika alama hizo rangi inayong'aa, kisha mashine inazipitisha seli moja moja mbele ya mwanga na kuwatenga wenye alama. Wanachotafuta ni kuwachukua hao, wawalishe, wazaliane wawe jeshi, halafu wamrudishie mgonjwa mwenyewe.

"Kwa hiyo hata mwilini mwangu mna akina Method?" Method akauliza.

"Wamejaa, baba mdogo."

Nyumba ikavunjika mbavu. Kabula peke yake hakucheka.

"Basi nitolee hao wangu wenye matope," alisema. "Mimi niko tayari."

Tereza aliona macho yote yanamjia yeye, kisha yanahamia kwa mwanawe. Ingetosha Agape aseme tutaona shangazi, neno laini tu, na kesho Tereza angepita Kashaulili kichwa juu. Tereza alilitamani neno hilo. Halafu akamtazama wifi yake, jinsi alivyokuwa ameulalia upande wa kushoto kama anauficha, akaogopa kwamba litasemwa.

Agape akapiga magoti mbele ya kochi.

"Shangazi, sina dawa. Nchi nyingine wameanza kuwarudishia watu askari wao, wachache, na kwa kansa ya aina nyingine. Hii ya titi bado tunahangaika nayo. Usinisubiri mimi. Kesho panda basi."

"Mama yako kasema unayo."

"Mama alizidisha."

Uso ulimchoma Tereza. Kuitwa mwongo sebuleni kwake, wali wake ukiwa bado matumboni mwa watu! Alisimama, na waliomjua wakajua sasa kazi ipo.

"Mmemsikia?" aliwauliza. "Nani kati yenu ana mtoto wa hivi? Anamwambia mama yake kazidisha, mbele ya wageni wake, ili shangazi yake apone. Nyie semeni, nani anaye?"

Hakuna aliyekuwa naye. Tereza akaendelea kwamba atakayeulizwa habari za dawa amtume anayeuliza kwake, atamjibu mwenyewe, meza kwa meza, akitoka Mwanza. Maana kesho anapanda basi na wifi yake. Lyamba naye alivuta kigoda akakaa karibu na binti yake.

Kabula akauliza uvimbe ukishatolewa unatupwa wapi.

Agape akamwambia kuna hospitali zinazopeleka kipande maabara kama ya kwao, mgonjwa akikubali. Huenda wakamuuliza. Ila kipande huandikwa namba, jina halionekani.

"Namba?" Kabula akakunjua mikono. "Askari wapigane ndani yangu mimi, halafu waitwe namba?"

"Ndiyo utaratibu, shangazi. Ni kukulinda."

"Haya. Watakipata. Jina nitalitangaza mwenyewe."

Na kweli, asubuhi basi lilikuwa halijatoka stendi ya Mpanda, Kabula kashamgeukia abiria wa kiti cha jirani, mtu asiyemjua hata kwa jina, anamweleza kwamba yeye ni Kabula wa Inyonga na anakwenda Mwanza kutoa kitu ambacho wasomi wanakihitaji. Tereza, dirishani, alimwacha aongee peke yake. Jambo hilo halikuwa limewahi kumtokea.