Shingo ya Gauni Kwenye Kioo

"Ngoja, usiiwashe kwanza," fundi cherehani alisema, kiganja chake kikiwa juu ya monita.

Mnunuzi alikuwa ameshachomeka waya. Mtaani walimwita Bwana Vikorokoro, kwa jinsi alivyokusanya mashine za kizamani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikosa monita ya namna hii, na hii hapa, pana kama dirisha, kisogo chake kimejaza kona nzima.

Kona hiyo ndiyo iliyohitajika. Jioni ile dada yake fundi angetoka hospitali, nyonga imetiwa vyuma, na kitanda walichoazima kwa jirani kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikisubiri nafasi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanunuzi wawili wa kwanza walikuja, wakatazama, ghafla wakakumbuka wana shughuli mahali. Huyu naye akiondoka, mgonjwa angelala sakafuni.

"Mama, siwezi kununua kitu sijakiona kikiwaka."

Fundi akaondoa mkono. Kioo kikawaka cheupe, na katikati yake ukaonekana mstari wa rangi ya chai, umezunguka na kushuka kidogo kwa mbele.

"Kioo kimeungua," Bwana Vikorokoro alisema. "Picha moja imekaa humu muda mrefu mno. Nani aliiacha?"

Wale wawili aliwaambia ni vumbi. Uongo ule ulimtoka kwa urahisi, wala haukumsaidia.

"Mimi," alisema. "Mume wangu alikuwa ananichorea mitindo humo. Mimi nabandika karatasi kwenye kioo, nafuatisha kwa penseli, nakata. Siku alipoanguka, hii shingo ya gauni ndiyo ilikuwa inawaka. Hakurudi. Msiba mzima watu wamejaa humu ndani, kila aliyetaka kuizima nilimkatalia. Wakaondoka, bado nikaiacha. Iliwaka mpaka umeme wenyewe ulipokatika."

"Na gauni lilikuwa la nani?"

"La mteja," alijibu upesi.

Bwana Vikorokoro alikuna kidevu. Akainama, akachungulia matundu ya nyuma, akapuliza.

"Kompyuta yangu nayo ina herufi mbili hazibonyezeki," alisema. "Wataelewana. Naichukua."

"Basi nisubiri kidogo, baba."

Fundi alitoa karatasi nyembamba kabatini, akaibandika kwenye kioo. Mchoro huu hakuwahi kuufuatisha. Aliogopa. Kuufuatisha ilikuwa ni kukubali kwamba mchoraji hana cha kuongeza. Penseli ilitembea polepole. Kisha akavua futi shingoni mwake, akailaza juu ya mstari, akapima. Akapima tena. Alikijua kipimo kile, na machozi yakamtoka. Bwana Vikorokoro alijishughulisha kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjika.

Waliibeba wawili, wakihema na kuambiana "taratibu, taratibu," hadi kwenye mkokoteni nje. Fundi akarudi ndani kufagia kona.

Kitanda kiliingia. Jioni dada mtu alilazwa hapo, mito miwili chini ya mguu, akaanza kukagua kuta.

"Shemeji angeona kona yake imekuwa wodi, angecheka."

"Angelalamika kwanza."

"Hilo kweli." Dada akageuza shingo. Mdogo wake alikuwa ametandaza kitambaa mezani, kile cha bluu kilicholala kabatini tangu enzi hizo, na juu yake karatasi nyembamba. "Unamshonea nani saa hizi?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mmoja alichelewa kuja kuchukua."

Dada aliitazama karatasi, kisha akaitazama shingo ya mdogo wake.

Kipimo kilikuwa cha mwanamke mwembamba, kama alivyokuwa yeye enzi hizo. Fundi aliongeza upana wa kidole kuzunguka mstari wote, akasita, akaongeza kingine, kisha akashika mkasi.