Reli Iliyoota Ulezi

Maneno haya niliyapata kisimani, na tangu siku ile hayakunitoka kichwani, hata nikiwa kanisani. Aliyeniambia ni Gaudensia, jirani ninayepakana naye shamba hapa Endagikot.

“Mama Marieta, nasikia binti yako ameleta treni ya umeme nyumbani.”

“Ni ya kuchezea tu.”

“Hiyo hiyo. Kule Masakta imeteketeza nyumba. Ilizunguka, ikazunguka, ikatoa cheche, nyumba ikashika moto.”

“Nyumba ya nani?”

“Ya mtu mmoja.”

“Mtu gani sasa?”

“Wewe unataka jina lake au unataka kupona?”

Nilijitwisha ndoo nikaenda mbio, maji yakanimwagikia mpaka kwenye viatu.

Naandika haya kwa sababu walimu wa chekechea moja kule Gehandu wanataka kutengeneza treni kama yetu, na wazazi wa huko wameniuliza kama kuna hatari. Hatari zipo. Nyingi nilizileta mimi mwenyewe kwa woga wangu, ndiyo maana nazijua vizuri.

Marieta ni binti yangu wa kwanza, na huu ni mwaka wake wa kwanza kufundisha chekechea. Siku moja alikuwa anafundisha herufi T, na kwenye kitabu kuna picha ya treni. Huku kwetu reli haijafika. Mtoto mmoja anaitwa Vicent akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hilo ni trekta lenye matela mengi?”

Darasa zima likakubali kwamba ni trekta. Marieta akaeleza mpaka koo likakauka, hawakuelewa. Mwisho akawaahidi kwamba siku ya kufunga shule waje nyumbani kwetu na wazazi wao, wataiona treni inatembea mbele ya macho yao. Watoto thelathini na sita wakaenda kusema nyumbani. Kuanzia hapo nikawa nasimamishwa njiani, “Mama Marieta, treni lini?” Mimi nikawa siwazi kingine. Mwalimu mgeni akiwadanganya watoto wa miaka mitano mbele ya wazazi wao, nani atamsikiliza tena?

Treni yenyewe aliipata kwenye mnada wa Dongobesh, kwa Nurdin anayeuza vitu vya mtumba. Ilikuwa kwenye boksi ambalo Nurdin alikuwa analikalia. Ndani mna kichwa cha treni, mabehewa manne, vipande vya reli na transfoma yenye kitufe cha kuzungusha. Nurdin alidhani zile reli ni ngazi za kupandia kuku. Akakubali debe la maharage na akacheka sana.

Marieta akalaza mlango wa zamani juu ya mabenchi mawili pale barazani, akaunga reli mduara mmoja. Hajawahi kutengeneza kitu kama hicho, alikuwa anasoma kwenye simu huku anafanya. Mara ya kwanza kona aliikata kali mno, behewa la mwisho likaanguka kila likifika pale. Akaipanua. Kisha upande mmoja akainyanyua reli kidogo kidogo kwa vibao, ipande na kushuka kama kwenye mlima. Siku treni ilipozunguka mara tatu bila kuanguka, mume wangu Joakimu aliacha ng’ombe njiani akaja kuangalia.

“Haina breki hiyo?” akauliza.

“Baba, unazungusha hapa inasimama.”

“Na ikikutana na ng’ombe?”

“Baba, hakuna ng’ombe kwenye mlango.”

“Basi huko si Mbulu,” akasema, akarudi kwa ng’ombe wake.

Ugomvi ulianza kwenye mlima. Marieta alitaka kuutengeneza kwa maboksi na sponji ya godoro, halafu apake rangi ya kijani. Nikamwambia, sponji na maboksi si kuni hizo? Pembeni ya baraza kuna magunia ya mahindi ya mwaka mzima. Nikamwambia habari ya Masakta. Akasema, “Mama, umeme wa treni hii ni mdogo kama wa betri.” Nikamwambia hata kiberiti ni kidogo.

Tukakubaliana mlima niujenge mimi, kwa udongo, maana udongo hauungui. Nimesiriba nyumba tangu nikiwa msichana, hilo hakuna wa kunifundisha. Marieta alikuwa anakwenda semina mjini wiki nzima. Alipokuwa anaondoka Jumamosi alisema jambo moja tu.

“Mama, fanya mlima. Reli usiguse.”

Jumamosi hiyo hiyo nikakanda udongo na kinyesi kibichi cha ng’ombe, kama ninavyofanya kwa ukuta. Nikaujenga mlima mzuri, una mabega kama Hanang ukiuangalia kutoka Katesh. Udongo ukabaki. Nikaziangalia zile reli, nikaona yale mataruma yaliyo chini yake ni ya plastiki. Plastiki inashika moto haraka kuliko sponji. Nikawaza, cheche ikidondoka hapo? Basi nikajaza udongo katikati ya reli, mduara mzima, nikaulainisha kwa kidole. Pale kwenye mlima nikaongeza udongo chini ya reli, mlima uonekane mlima.

Kesho yake udongo ukaanza kupasuka. Nikanyunyizia maji, nikafunika kwa gunia lililolowa, na kuku nao wasiparue. Kila asubuhi nilikuwa nalowesha gunia bila kulifunua. Wiki nzima. Nilikuwa najisifu kwamba mwanangu atarudi akute kazi imekamilika.

Marieta alirudi Ijumaa jioni na habari. Kwenye semina amekutana na mwalimu wa Masakta, akamuuliza. Nyumba kweli ilitaka kuungua, lakini kilichowaka ni mafuta ya maandazi jikoni, na jirani akazima kwa blanketi. Treni hawajaiona hata siku moja. Nilicheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Alitaka kujaribu treni pale pale, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nikamwambia aache gunia hivyo hivyo, udongo usipasuke, tutafunua asubuhi.

Asubuhi, siku yenyewe ya kufunga shule, umeme ulirudi, na watoto nao wakafika mapema kuliko umeme. Thelathini na sita, wamepakwa mafuta wanang’aa, pamoja na wazazi wao, na Gaudensia amekaa mbele kabisa karibu na njia ya kukimbilia. “Shikamoo bibi, shikamoo bibi,” nikaitikia marahaba mpaka mdomo ukachoka. Marieta akasimama, akasema, “Leo mtaona treni.” Akavuta gunia.

Mlima wote ulikuwa umeota. Wiki ile ng’ombe walikuwa wanakula makapi ya ulezi, na ulezi wote uliopita tumboni bila kusagika niliusiriba kwenye mlima na kwenye reli, kisha nikaumwagilia siku saba. Ulikuwa umesimama urefu wa vidole viwili, wa njano kama vifaranga kwa kukosa jua. Reli hazionekani.

Gaudensia akasema, “Mama Marieta, hii ni treni au ni kitalu?”

Wazazi wakaangua kicheko. Marieta hakuniangalia, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Akaweka kichwa cha treni pale alipokumbuka reli ilipo, akaunga mabehewa manne yenye abiria wa punje za maharage, akazungusha kitufe. Treni ikaenda shibiri moja, magurudumu yakateleza kwenye majani, ikanyamaza.

“Imekwama shambani,” Vicent akasema.

“Trekta,” mwingine akasema. “Nilisema ni trekta.”

Mzazi mmoja akaanza kumfunga mtoto wake kamba za viatu, tayari kuondoka. Nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie, “Kosa ni langu. Mwalimu aliniambia nisiguse reli, nikagusa.”

Watu wakaniangalia. Vicent akauliza, “Mwalimu, kwa nini hatupalilii?”

Jamani, watoto wa huku treni hawaijui, lakini palizi wanaijua tangu wanabebwa mgongoni. Kabla Marieta hajajibu walikuwa wameshauzunguka mlango. Akachomoa waya wa umeme haraka, akawagawia, wawili wawili, kila mmoja kipande chake. Wakawa wanang’oa kwa ncha za vidole.

“Wewe umeruka, angalia pale.”

“Hapo si pangu, ni pa Raya.”

“Usikate, ng’oa na mizizi! Mama anasema ukikata unarudi.”

Wazazi waliokuwa wanacheka wakaanza kusimamia. Joakimu akakwangua udongo ulioziba pembeni ya reli kwa mti mwembamba. Mimi nikachukua kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, nikafuta juu ya reli, mbele na nyuma, mpaka kitambaa kikaacha kutoa weusi. Mlima tukauacha na ulezi wake. Watoto walikataa uguswe, walisema hilo ni shamba la watu.

Marieta akarudisha umeme. Treni ikaondoka. Ikapita upande wa chini wote, watoto wanapiga kelele, ikafika mlimani ikaanza kupanda. Katikati ikachoka. Kichwa kinanguruma, mabehewa yanakirudisha nyuma. Ule udongo nilioongeza chini ya reli ulikuwa umeufanya mlima mkali.

“Abiria washuke!” Joakimu akaita kwa sauti, kama kondakta wa basi lililokwama kwenye utelezi wa kupanda Mbulu.

Watoto wakaipokea. “Abiria washuke! Washuke!” Mikono midogo ikashusha maharage yote. Bado. Marieta akafungua mabehewa mawili ya nyuma, akayaweka pembeni, akazungusha kitufe taratibu.

Ikapanda. Polepole, ikitetemeka, ikatokeza kwenye ulezi, ikafika juu, ikashuka upande wa pili na kurudi mpaka pale ilipoanzia. Mzunguko mmoja mzima. Kelele zilizopigwa pale, ng’ombe walisimama malishoni. Yule mzazi wa viatu alikuwa amembeba mtoto wake mabegani na yeye mwenyewe anaruka. Gaudensia nikamwona ameisogeza stuli yake karibu kabisa, anauliza kama maharage yanaweza kupanda tena.

Marieta akanigeukia. “Mama, njoo uendeshe wewe.”

“Mimi? Umeme?”

“Bibi! Bibi! Bibi!” watoto wakaanza.

Nikajifuta mikono kwenye kitenge, nikashika kile kitufe. Hakikuniuma. Nikakizungusha kidogo, treni ikasikia, ikaenda. Siwezi kuieleza raha ile. Nimefuga, nimelima, nimezaa watoto watano, hakuna aliyewahi kunisikia haraka namna ile. Niliizungusha treni mara tisa, mpaka Vicent akauliza watoto wataendesha lini.

Waliendesha wote, mmoja mmoja, mpaka saa nane. Walipokuwa wanaondoka Marieta aliwauliza, “Hii ni nini?” Wakajibu kwa pamoja, “Treni!” Ndipo aliponikumbatia, mbele ya wazazi wote, na udongo wangu ukiwa bado kwenye kucha zake.

Basi, ninyi mnaoanza, epukeni haya:

Kuamini habari ya moto isiyo na jina la mwenye nyumba.

Kinyesi cha ng’ombe, kiwe kibichi au kikavu. Mkitaka udongo, uchekecheni na uwe mtupu.

Kujaza chochote katikati ya reli kabla ya kujua magurudumu yanapita wapi.

Kona kali. Behewa refu litaanguka.

Mlima wa haraka. Kwenye mita moja ya reli, inyanyueni vidole viwili tu, si zaidi.

Kupamba kabla treni haijazunguka vizuri, na kukaa bila kuijaribu tena baada ya kupamba.

Kumwagilia kitu chenye umeme. Mimi nilifanya hivyo wiki nzima, transfoma ikiwa imechomolewa kwa bahati tu, si kwa akili yangu.

Kufuta reli kwa kitambaa chenye mafuta ya kula.

Kuacha watoto wachomeke waya ukutani. Hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Kuku.