Waya wa Bandani

Fundi wa mtandao alipiga magoti sebuleni, akimlaani mwenzake aliyemkacha, maana kazi ile ni ya watu wawili. Alikuwa anasukuma waya ndani ya bomba lililofukiwa hadi banda la uani, ili intaneti ifike huko. Waya ukagoma. Kisha ukavutwa taratibu kutoka upande wa pili.

"Ahsante, mama. Vuta tu hivyo hivyo."

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Mwenye nyumba, mjane, alikuwa amesimama nyuma yake, ufunguo wa banda mkononi.

Fundi akauachia waya. Ukaendelea kuingia bombani, ukijikunjua sakafuni.

"Usimbanie mume wangu," mjane akasema kwa upole. "Tangu tumzike analalamika mtandao haumfikii."